Masale Yenye Mizizi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua bado. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Filemon, amenikabidhi Soko la Shule la Darasa la Tano. Sababu yake ni kwamba mimi, Beatrice, nilizaliwa Soweto pale Moshi mjini, na eti sisi watu wa mjini tumenyonya biashara pamoja na maziwa. Mama yangu alikuwa mshonaji na alikufa akidaiwa vitambaa, lakini sikumbishia. Mwalimu wa kujitolea hambishii mwalimu mkuu. Mwaka wa tatu sasa nafundisha hapa Marangu kwa posho ya wazazi nikingoja ajira ya serikali, na barua ya kunipendekeza ataiandika yeye.

Afisa elimu kata anataka kumbukumbu za soko. Zake nitaziandika kwenye jalada la shule. Humu naandika zangu.

Leo nimefundisha bidhaa, mtaji, bei, faida, mteja. Nikauliza mteja ni nani. Praygod akanyoosha mkono: "Ni mtu anayesema ghali." Nimempa alama zote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Soko la kwanza. Wanafunzi arobaini na mmoja, na thelathini na wawili wameleta ndizi. Marangu hii, ambako hata choo cha shule kimezungukwa na migomba! Walikaa barazani na mafungu yao wakitazamana, mwisho wakaanza kununuliana wenyewe kwa wenyewe. Grace alirudi nyumbani na ndizi nyingi kuliko alizoleta, na amefurahi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikawaambia maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Nyumbani kwenu kuna kitu mnakipita kila siku bila kukiona. Mtu wa mbali angekilipia. Kakitafuteni."

Nilijiona nimesema jambo kubwa sana.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua bado. Vumbi mpaka kwenye chaki.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo Zita amenishangaza. Ni mtoto wa mama Lukresia wa kule juu ya parokia. Ana miaka kumi na mmoja, mdogo wa umbo, anaongea taratibu kama mtu anayehesabu maneno asije akapunjwa. Baba yake alifariki mwaka jana.

Ameleta masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani na makaburini. Alikata matawi mafupi, akayachomeka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia yaliyojaa udongo, na mbele akaweka ubao wa boksi: UMEKOSANA NA MTU? ISALE LIPO. SHILINGI ELFU MOJA TU. Wazazi waliokuja sokoni walivunjika mbavu, maana kila Mchagga anajua jani la isale ndilo unalompelekea uliyemkosea, na akishalipokea hawezi tena kukunyima msamaha. Mwalimu Filemon akanunua mawili. Nikamuuliza amekosana na nani, akasema ni akiba.

Yote kumi na moja yameisha kabla ya saa tisa. Nilimuuliza Zita pesa atafanyia nini.

"Nanunua simenti, mwalimu."

"Simenti ya nini, mwanangu?"

"Kaburi la baba ni la udongo. Krismasi ndugu wote wanakuja nyumbani. Mama anaona aibu."

Nikampigia hesabu ya mifuko mitatu ya simenti na kokoto, akaiandika yote kwenye daftari lake la biashara. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua bado. Praygod anauza maji ya kunywa kwa wenzake. Nimemkataza, kisha nimemsifu, kisha nimemkataza tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Amekuja mteja wa kweli. Dada mmoja anaitwa Brenda, anajenga nyumba ya wageni kule Shirimatunda, alikuja kumwona shangazi yake akasikia habari za mtoto anayeuza masale. Alisimama mbele ya makopo ya Zita akiwa amevaa miwani ya jua.

"Haya matawi mazuri," akasema, "ila mimi bustani yangu inafunguliwa tarehe ishirini. Siwezi kusubiri mwaka mzima yaote. Nataka yaliyokomaa, yenye mizizi. Arobaini. Elfu tatu tatu nalipa hapa hapa."

Watoto wote wakaacha kuuza. Laki na ishirini elfu! Mimi mwenyewe posho yangu haifiki hapo.

Zita alinivuta pembeni. Naandika alivyosema, maana nataka kuwa mkweli angalau humu.

"Mwalimu, yenye mizizi yapo ya mpakani tu. Kule chini, kati ya kwetu na kwa baba mdogo."

Mimi ni Mchagga. Wa Soweto, lakini ni Mchagga. Najua kihamba ni shamba la nyumbani analoachiwa mtu na wazee wake, ndimo anamoishi na ndimo anamozikwa, na huwa hakina ukuta wala jiwe la serikali. Mpaka wake ni mstari wa masale. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale. Nilimtazama Brenda akihesabu noti, nikawatazama watoto, nikafikiria afisa elimu kata atakavyoandika habari za oda ya laki na ishirini.

"Si utachomeka matawi mapya mahali pake?" nikamwambia. "Masale hayana shida, yataota."

"Yataota, mwalimu?"

"Yataota."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ananiamini mno.

Jumatano, 13 Novemba

Pikapu ya Brenda imekuja saa nne. Zita na Grace waliyabeba wenyewe kwa safari sita, mizizi imefungwa kwenye majani makavu ya migomba, kazi safi kabisa. Amelipwa. Amenikabidhi pesa zote nimtunzie mpaka Desemba.

Kwenye daftari lake, palipoandikwa "Bidhaa imetoka wapi", ameandika: mpakani, chini. Nimeweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu na kuandika: Hongera sana, mfanyabiashara!

Jumanne, 19 Novemba

Mvua bado. Zita anasema matawi aliyochomeka yameanza kukunja majani. Anayamwagilia kwa kopo asubuhi kabla ya kuja shule. Nimemwambia avumilie, mvua iko njiani.

Ijumaa, 22 Novemba

Soko zuri. Maparachichi, vitambaa vya kufumwa, maandazi. Zita hakuleta kitu. Matawi yamekauka yote arobaini.

Alhamisi, 28 Novemba

Imekuja. Imenyesha tangu jana jioni bila kupumua, na barabara ya kwenda parokiani imegeuka mfereji. Darasani tulipiga kelele ili tusikiane, mwisho tukaacha na kuimba tu.

Saa ya kutoka Zita alibaki. "Mwalimu, yale mashimo yamefukiwa na matope. Sioni tena yalikuwa wapi."

Nikamwambia akiwahi kuchomeka mengine sasa hivi udongo umelowa, yatashika. Akauliza achomeke wapi. Nilimwambia atakumbuka tu. Yeye akasema mama yake hajui bado, kwa sababu mgongo unamsumbua na hajashuka kule chini mwezi mzima.

Nimeanza kuogopa.

Jumatatu, 2 Desemba

Baba mdogo wa Zita, Mathew, ameshuka kutoka mlimani. Ni mwongoza wageni, hukaa huko siku sita saba, na safari hii aliunganisha makundi matatu bila kurudi nyumbani. Nilikuwa nikimjua kwa mbali tu, mwanaume mcheshi anayewasalimia walimu kwa Kijerumani. Leo alipita mbele ya shule bila kusalimia mtu.

Jumatano, 4 Desemba

Mama Lukresia amekuja shuleni, amejifunga khanga kiunoni kwa ajili ya mgongo. Hakukaa.

"Shemeji yangu ameita wazee wa ukoo," akaniambia. "Anasema nimeng'oa mpaka wa baba yao ili nile shamba lake. Mimi, mwalimu! Mimi hata jembe sijashika tangu Oktoba."

"Zita amekueleza?"

"Amenieleza aliuza masale." Alinitazama, akangoja. Nikamwambia pole. Akangoja tena kidogo, kisha akasema kikao kitakuwa tarehe ishirini na saba, ndugu wote wakiwa wamerudi kwa Krismasi, na Mzee Sifael, mwenyekiti wa ukoo, ameagiza na mimi niitwe.

Mathew anadai mpaka haukuwa pale chini hata siku moja. Anasema ulipita juu zaidi, kwenye mibuni ya zamani. Kati ya mibuni ile na mpaka nilioambiwa na Zita ni hatua kumi na mbili. Kaburi la baba yake Zita liko ndani ya hatua hizo kumi na mbili.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Afisa elimu kata alikuja, akaona jalada, akaona picha ya pikapu na masale. Amesema mwakani nipite shule zote za kata nifundishe walimu wengine. Watoto wakapiga makofi. Zita naye alipiga.

Nimekusanya madaftari ya biashara yote kwa ajili ya ripoti. La Zita liko kwenye droo yangu.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimemweleza Mwalimu Filemon kila kitu. Nilidhani atafoka. Alivua miwani akaifuta kwa tai, muda mrefu.

"Beatrice, mwanangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. "Hayo ni mambo ya ukoo. Wewe ukienda kusema mwalimu ndiye aliyemtuma mtoto kung'oa mpaka, kesho ni shule imeng'oa mpaka, keshokutwa ni mwalimu mkuu. Na barua yako ya ajira nimeshaipeleka wilayani. Nenda, kaa, jibu utakachoulizwa, rudi."

Mtu huyu nilimcheka miaka mitatu kwa tai yake fupi na hotuba zake ndefu. Leo nimemsikiliza kama Biblia, kwa sababu alikuwa ananiambia ninachotaka kusikia.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Nimeimba kwaya. Sikula.

Ijumaa, 27 Desemba

Naandika hili lote mara moja, nikiacha sitarudi.

Tulikaa uani kwa Mathew, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka upande wa jikoni. Ndugu walikuwa wengi, wa Dar, wa Arusha, watoto wao wenye viatu vyeupe wakichungulia. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo lakini haijaguswa, hainywewi kabla ya neno kuisha. Mimi nilipewa kiti cha plastiki peke yangu, cha heshima. Zita alikaa miguuni kwa mama yake, amevaa gauni la Kipaimara la kuazima.

Mathew alianza. Nilikwenda pale nimejiandaa kumchukia, na nikashindwa. Alisema kaka yake ndiye aliyemlipia ada mpaka kidato cha nne, kwa kubeba mizigo ya wazungu mlimani, na kwamba yeye hana haja ya kumfukuza shemeji yake, nyumba ni yake, migomba ni yake, akae. "Ila mimi nimeshuka nikakuta mpaka wa baba umefutwa kama ubao. Nikauliza, naambiwa umeuzwa. Wazee wangu, nani anauza mpaka?" Alikuwa analia kweli. Nadhani anaamini kabisa kwamba mpaka ulikuwa kwenye mibuni. Labda marehemu na yeye hawakuwahi kubishana hapo, kwa sababu walipendana, na sasa aliyekuwa anajua hayupo.

Mama Lukresia alisema kwa kifupi. Hakung'oa, hakutuma, mtoto alifanya kitoto.

Mzee Sifael ni mtu wa sauti ya chini sana, watu wote huinama mbele kumsikia. Akasema: "Kwa ukoo huu, anayeng'oa isale la mpaka ametaka ardhi ya mwenzake. Na neno lake juu ya mpaka huo haliulizwi tena. Tumekuta hivyo kwa baba zetu. Lakini mtoto ni mtoto. Tunataka kujua kama hili limetoka nyumbani kwa mama yake, au limetoka kwingine." Akanigeukia. "Mwalimu. Mwogope Mungu, utujibu. Huyu mtoto aliyaleta kwenye soko lako. Ulijua yametoka mpakani?"

Wote wakanitazama. Hata wale watoto wa viatu vyeupe.

Ningesema ndiyo. Neno moja tu. Ningesema, nilijua, mimi ndiye niliyemwambia yataota, mama huyu hana habari. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema hivyo, naapa. Nikaona barua ikirudi kutoka wilayani. Nikaona chumba changu cha kupanga, na mwaka wa nne wa posho, na wa tano.

"Hapana, mzee," nikasema. "Sikujua."

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikaikalia.

Mzee Sifael akamwita Zita. Akasimama katikati ya uwanja peke yake.

"Mjukuu wangu, ulimwambia mwalimu umeyatoa wapi?"

Zita alinitazama. Hakunitazama kwa hasira, nami ningependa iwe hasira. Alinitazama kama darasani nikikosea hesabu ubaoni naye hajui kama anyooshe mkono au aniache. Kisha akamgeukia mzee.

"Hapana, babu. Sikumwambia mwalimu."

"Nani alikwambia ung'oe?"

"Mimi mwenyewe."

Basi. Wazee walikwenda pembeni, hawakukaa sana. Wakarudi wakasema hakuna mtu wa nje aliyehusika, jambo limetoka nyumbani kwa Lukresia, na mpaka utapandwa upya kwenye mibuni, kama Mathew alivyosema. Mama Lukresia alipiga goti, akashukuru kwa Kichagga: aika, wazee. Ndivyo inavyotakiwa kusema. Kisha wanaume wakaenda na masale mapya, wakayapanda mstari mmoja upande wa juu wa kaburi, kati yake na nyumba ya Lukresia, na ndipo mbege ikanywewa. Nami nilipewa kata ya mbege. Nilikunywa.

Jumamosi, 28 Desemba

Sikutoka.

Jumanne, 31 Desemba

Mathew ameanza kujengea kaburi la kaka yake. Simenti, kokoto, na vigae vyeupe vya kutoka Moshi. Watu wanamsifu. Pesa za Zita bado ninazo, kwenye bahasha, ndani ya Biblia.

Alhamisi, 2 Januari

Nilichukua daftari la Zita kwenye droo, nikampelekea Mzee Sifael. Alikuwa anakamua ng'ombe, nikangoja amalize. Shikamoo, marahaba, nikamfungulia ukurasa. Mpakani, chini. Vema nyekundu. Hongera sana, mfanyabiashara!

Aliusoma muda mrefu, kwa mtu anayesoma gazeti kila siku.

"Hii kalamu ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Ungeleta siku ile," akasema, "tungesema mtoto katumwa na mkubwa wake asiye wa ukoo, hakuna aliyetaka ardhi. Tungeita majirani, tungepima upya. Labda tungekuta Mathew ana haki, labda hana. Lakini Lukresia angeulizwa."

"Sasa je, mzee? Si mnaweza kukaa tena?"

"Masale yameshapandwa na wazee, na wamekunywa juu yake. Wewe unataka nani ayang'oe?"

Akanirudishia daftari. Hakunifokea. Akamwita mke wake anipe maziwa ya kuondoka nayo, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu, na nikayabeba.

Jumamosi, 4 Januari

Nimekwenda kwa mama Lukresia. Nilifikiria kumpelekea jani la isale, nikaona ingekuwa kumlazimisha. Nikaenda na bahasha tu.

Alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, haraka haraka. Oda, maneno yangu, daftari, uongo. Yeye aliendelea kumenya.

"Najua," akasema.

"Unajua, mama?"

"Zita aliniambia yote siku ile ile Mathew aliposhuka. Kwa hiyo nilikuja pale shuleni kwako tarehe nne. Nilisimama nikingoja useme. Nikajiambia labda anaona aibu, atasema mbele ya wazee."

"Mbona hukusema mwenyewe kwenye kikao?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nashtakiwa. Nani angenisikiliza nikimsingizia mwalimu?" Aliweka kisu chini. "Njiani tukienda, mtoto ananiambia, mama, usiogope, mwalimu atasema. Anaruka ruka. Nimemsuka vizuri, anasema mwalimu akishasema tutarudi tupike pilau. Uliposema hukujua, nikamshika bega asimame, nikadhani atakukatalia pale pale. Akasema alivyosema. Nimemuuliza nyumbani, Zita, kwa nini? Anasema, mama, wote walimwangalia mwalimu, nikaona anatetemeka."

Nikalia mbele yake kama mtoto, na yeye akanivumilia. Hakunibembeleza wala hakunifukuza.

Bahasha alikataa. "Kaburi limeshajengwa," akasema. "Baba yake mdogo ametuambia tupite wakati wowote, lango halifungwi. Ni mtu mzuri. Lakini tunapita kwa mtu, mwalimu. Naomba njia kwenda kwa mume wangu."

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Mvua imekatika. Zita yuko Darasa la Sita, dawati la pili dirishani. Amenisalimia kama wengine wote.

Alhamisi, 16 Januari

Barua ya ajira imetoka. Mwalimu Filemon aliisoma mbele ya walimu wote, tai fupi, hotuba ndefu. Nimesema asante. Nikamwambia pia nitamwandikia afisa elimu kata ukweli wa picha ya pikapu. Akaketi. Amesema nifikirie mpaka Jumatatu.

Jumamosi, 18 Januari

Barua kwa afisa nimeiandika jana. Leo nimepanda nayo tena kwa Lukresia, kumsomea kabla sijaipeleka. Hakuwepo, alikuwa ameteremka kununua mshumaa. Zita alikuwa nyuma ya nyumba, chini kwenye mibuni.

Alisimama mbele ya mstari mpya wa masale. Yameshika vizuri, mvua ile iliyafaa. Upande wa pili, hatua chache tu, vigae vya kaburi vilikuwa vinang'aa. Zita alikuwa ameweka mikono yake yote miwili nyuma, amejishika vidole, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu dukani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona husogei? Baba mdogo amesema mpite."

"Najua. Nasubiri mama. Sitaki nikipita niyaguse."

Nikasimama pembeni yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yenye utangulizi na mwisho, na yote yakanikimbia.

"Zita, nilidanganya siku ile. Uliniambia kweli yalikotoka, na mimi nikadanganya."

"Hata mimi nilidanganya," akasema.

"Wewe ulidanganya kwa ajili yangu."

"Padri amesema ni dhambi hata hivyo. Nimeshaungama. Amenipa Baba Yetu kumi na nimemaliza." Aliyatazama masale, kisha akaniinulia uso, na nikaona kwamba anauliza kweli, anataka kujua, kama alivyokuwa akiuliza habari za faida. "Mwalimu, nyie Walutheri mnaungama kwa nani?"

Nilimwambia tunaungama kanisani, wote pamoja, kwa kusoma kitabuni.

"Wote pamoja? Kwa hiyo hakuna anayejua ni nani kafanya nini?"

"Hakuna."

Alilifikiria hilo. Nilitaka kumgusa kichwa, nikaona sina ruhusa. Nikamuuliza kama atarudi sokoni mwezi wa pili, nafasi yake ipo, hata asipokuwa na bidhaa anaweza kuwafundisha wadogo kuandika ubao.

"Hapana, mwalimu," akasema kwa adabu. "Mpe Grace."

Mama yake akaja na mshumaa. Akanisalimia, akamshika Zita mkono, akaita hodi kwa sauti upande wa Mathew, na mtu akajibu karibuni kutoka ndani. Wakapita kwenye uwazi, mama mbele, Zita nyuma, mkono wake mwingine bado ameuweka mgongoni. Mimi hawakunikaribisha. Nilibaki upande huu mpaka walipowasha mshumaa, kisha nikarudi kwa njia niliyojia, barua yangu ikiwa bado mfukoni.